Tyubu zinatoboka palepale kila tukibadilisha: ni kutu au ni mtikisiko?

Swali limetoka kwa kijana anayefanya kazi kwenye kiwanda kimoja hapa Tanga, upande wa Pongwe. Kwa kifupi anasema hivi: "Shikamoo kaka. Tuna hita ya maji ya tyubu, mvuke unapita nje ya tyubu, maji yanapita ndani. Tangu tuongeze uzalishaji mwaka jana tyubu zinatoboka, tena ni zilezile za safu za juu, karibu na pale mvuke unapoingilia. Tukibadilisha zinakaa miezi kadhaa zinatoboka tena. Bosi akaleta za stenlesi, nene zaidi, nazo zimetoboka. Fundi mkuu anasema ni kutu, maji ya kisima yana chumvi, na kweli tukizitoa zina unga mwekundu. Ila valvu ikifunguliwa sana kuna mvumo unasikika mpaka nje. Nimesoma kwamba kuna mtambo wa nyuklia Marekani ulifungwa kabisa kwa sababu ya tyubu kutikisika, je ni kitu kimoja na hiki chetu? Tufanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Kwa maelezo haya mimi nasema ni mtikisiko, na ushahidi umeutoa mwenyewe. Maji ya kisima yanapita kwenye tyubu zote, sio za juu tu, sasa kama chumvi ndo mwuaji kwa nini amechagua safu mbili tatu za karibu na mvuke na kuziacha zingine zote? Kweli pale juu pana joto zaidi na joto linaongeza kasi ya kutu, hilo simkatalii fundi mkuu, lakini ungeona dalili angalau kidogo kwenye zile za chini pia, na ungeziona zimetawanyika urefu wote wa tyubu. Halafu tatizo limeanza mlipoongeza uzalishaji, yaani mlipoongeza mvuke. Maji ya kisima ni yaleyale ya mwaka juzi.

Huo unga mwekundu ndo unaowapoteza watu wengi. Chuma kikisuguana na chuma kwa mwendo mdogo sana, hata usioonekana kwa macho, kinamenyeka vichembe vidogo mno, na vichembe hivyo vikikutana na hewa vinageuka kutu hapohapo, vinakuwa unga laini wa rangi ya kahawia nyekundu. Kwa hiyo kutu ipo, ila imekuja baada ya msuguano, haikuanza yenyewe. Namna ya kujua ni rahisi: chukua tyubu mliyotoa, futa ule unga kwa kitambaa, angalia chini yake. Kama ni kutu ya maji utakuta pamekwaruka, pana vishimo vishimo, hapana umbo. Kama ni msuguano utakuta pamelika vizuri kabisa, panang'aa, pana ukingo uliokatika sawasawa kama mwezi mchanga, na upana wa hiyo alama ni sawa na unene wa ile sahani ya kati inayoshikilia tyubu. Pima kwa kalipa. Unene wa sahani ukilingana na upana wa alama basi huo mjadala umekwisha, wala huhitaji maabara.

Sasa kwa nini tyubu itikisike wakati imeshikwa huku na huku? Kwa sababu kwenye zile sahani za kati haijashikwa, imepitishwa tu. Tundu la sahani linachimbwa kubwa kuliko tyubu kwa kama milimita 0.4 mpaka 0.8, vinginevyo usingeweza kuipenyeza, na isingepata nafasi ya kujinyoosha ikipata joto. Hako kanafasi ndo uwanja wa kuchezea. Mvuke au maji yakipita kwa kukata tyubu upande kwa upande yanaitikisa, na kuna njia tatu za kuitikisa ambazo watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni msukosuko wa kawaida, mkondo hauji laini, unakuja na mapigo yasiyo na mpangilio, tyubu inacheza kidogo kidogo muda wote. Hii ipo kila hita duniani, inalamba polepole kwa miaka, na watu wanaishi nayo. Ya pili ni vimbunga vidogo vinavyoachia nyuma ya tyubu, kimoja huku kimoja kule, kwa zamu. Ukisimama pale Deep Sea, ufukweni hapa Tanga, wakati wa kusi ukasikia kamba za mashua zinavuma kwenye upepo, ndo hicho hicho. Kwa tyubu moja iliyo peke yake hesabu yake ni nyepesi, unachukua 0.2 unazidisha na kasi ya mkondo unagawa kwa kipenyo cha tyubu. Tyubu ya milimita 19 kwenye maji yanayokwenda mita 3 kwa sekunde inasukumwa kama mara 31 au 32 kwa sekunde. Zikiwa nyingi zimepangwa pamoja hiyo 0.2 inabadilika kutegemea mpangilio, lakini wazo ni lile. Kama tyubu nayo kwa asili yake inapenda kucheza kwa idadi hiyohiyo, hapo inapokea na mtikisiko unakua. Na hata mara 30 tu kwa sekunde ni zaidi ya mara milioni 2.5 kwa siku, usishangae chuma kuliwa.

Ya tatu ndo mbaya kuliko zote. Mkondo ukizidi kasi fulani, tyubu ikicheza inabadilisha mkondo unaopita kwa jirani yake, jirani anacheza, naye anamrudishia, na kila mzunguko mkondo unaingiza nguvu nyingi kuliko ile ambayo tyubu inaweza kuipoteza kwa msuguano. Chini ya kasi hiyo mambo ni shwari, ukiipita kidogo tu mtikisiko unapaa ghafla, na tyubu inaweza kuharibika kwa saa au siku badala ya miaka. Mhandisi Connors alitoa kanuni ya kukadiria hiyo kasi mwaka 1970 na mpaka leo ndo msingi wa wanaosanifu hivi vifaa. Ndani yake kuna vitu vya maana vitatu: tyubu inacheza mara ngapi kwa sekunde kwa asili yake, uzito wake, na uwezo wake wa kutuliza mtikisiko. Ukiongeza hivyo kasi ya hatari inasogea mbali, ukipunguza inakusogelea.

Hapo ndo tunafika kwenye zile stenlesi za bosi. Mimi simlaumu, karibu kila mtu hufikiri hivyo, kitu kikitoboka weka kinene. Lakini tyubu ya kipenyo kilekile ukiiongezea unene, inakuwa ngumu zaidi na wakati huohuo inakuwa nzito zaidi, hivyo vitu viwili vinakimbizana na idadi ya mitikisiko kwa sekunde inapanda kidogo tu. Na stenlesi kwa ukakamavu haiizidi chuma ya kawaida, ni karibu sawa, inazidi kwa kuvumilia kutu basi. Kwa hiyo mmenunua muda kidogo, kuna nyama zaidi ya kuliwa, lakini mlaji yuko palepale. Kinachobadilisha mambo kweli ni umbali kati ya sahani na sahani. Idadi ya mitikisiko inashuka kwa mraba wa umbali huo: tyubu iliyoshikwa kila sentimita 60 ukiiachia ikashikwa kila sentimita 90, idadi inashuka mpaka chini ya nusu, kama 44%. Ukiiachia kila sentimita 120 inabaki robo. Hebu kaangalie hita yenu, sahani za kati huwa zimekatwa upande mmoja ili mkondo upite kwa kupinda, na tyubu zinazopita kwenye ile sehemu iliyokatwa zinaruka sahani moja, zinashikwa na ya pili, yaani zina umbali mara mbili ya wenzao. Mara nyingi tyubu za kwanza kufa ni hizo. Na nafasi ya pale mvuke unapoingia nayo huwa imeachwa pana kuliko zingine ili bomba kubwa lipate mahali pa kukaa. Sasa jumlisha: umbali mrefu, kasi kubwa kuliko kote, safu ya kwanza kupigwa. Safu zenu za juu zimebeba yote matatu.

Tuje kwenye mvuke wenyewe, maana nina wasiwasi hapa ndo penye kiini chenu. Sijui bomba lenu la mvuke ni la ukubwa gani ila tuseme ni inchi 2 na gaji inasoma bar 3. Kilo 500 za mvuke kwa saa kwenye bomba hilo zinakwenda kama mita 30 kwa sekunde, hiyo ni sawa, ndo kasi ya kawaida ya mvuke. Mkiongeza uzalishaji mkafika kilo 1,000 kwa saa bomba ni lilelile, kasi inakuwa karibu 60. Nguvu ya kupiga inakwenda na mraba wa kasi, kwa hiyo mmezidisha kipigo mara nne, sio mara mbili. Na kuna jambo lingine ambalo watu hawalioni: boila ikizidiwa presha inashuka, mvuke wa presha ndogo unatanuka unachukua nafasi kubwa, kwa hiyo kilo zilezile zinapita kwa kasi zaidi. Kilo 500 zilezile gaji ikisoma bar 1 badala ya 3 zinakimbia karibu mita 57 kwa sekunde. Yaani mnaona gaji imeshuka mnadhani hita inapumzika, kumbe ndo inapigwa zaidi. Waulize wa zamu ya usiku gaji inasoma ngapi mvumo unapoanza.

Halafu fungua uangalie kama pale mvuke unapoingia kuna bamba la kukinga, kipande cha sahani kinachokaa mbele ya tundu ili mvuke usipige tyubu uso kwa uso. Kanuni za TEMA zinazofuatwa na watengenezaji wa hita hizi zinataka kinga hiyo kwa mvuke uliojaa, yaani ule ambao haujapashwa joto zaidi baada ya kuchemka, bila kuuliza kasi yake. Nimeshakuta hita ambazo bamba lilikuwepo zamani, likang'oka au likatolewa wakati wa ukarabati, na hakuna aliyekumbuka kulirudisha.

Swali lako la nyuklia sasa. Ndiyo, kwa kanuni ni kitu kimoja, ila uzito wa mambo ni tofauti. Kwenye mitambo ile maji yenye presha kama bar 155 yanatoka kwenye rikta yanapita ndani ya maelfu ya tyubu zilizopinda umbo la U, na nje yake maji mengine yanachemka kuwa mvuke wa kuzungusha tabaini. Ukuta wa tyubu ni kama milimita moja tu, na huo ndo unaotenganisha maji yenye mionzi na mvuke unaotoka nje, kwa hiyo tyubu ikitoboka sio hasara ya maji moto tu.

Huo uliosoma ni San Onofre, California, ufukweni kati ya Los Angeles na San Diego. Walikuwa wamebadilisha jenereta zote nne za mvuke, yaani hivyo vyombo vyenye tyubu za U, mbili kwa kila kitengo (rikta moja na vifaa vyake), zilizotengenezwa na Mitsubishi Heavy Industries, kila moja ikiwa na tyubu 9,727. Tarehe 31 Januari 2012 kitengo cha 3 kikavuja, baada ya kufanya kazi chini ya mwaka mmoja. Walipofungua wakakuta tyubu zimesuguana zenyewe kwa zenyewe kule juu kwenye mpindo wa U, mamia yake, na walipozipima kwa presha tyubu 129, nane hazikuhimili. Chanzo kilikuwa hiyo njia ya tatu niliyokueleza. Programu ya kompyuta iliyotumika kwenye usanifu ilikadiria kasi ya mvuke ndogo kuliko ilivyokuwa, na pale juu mvuke ulikuwa mkavu mno, zaidi ya 99% kwa ujazo, wakati ule utando wa maji unaobaki juu ya tyubu ndo unaosaidia kutuliza mtikisiko. Fito bapa zilizowekwa katikati ya tyubu zilizuia zisicheze kwenda kulia na kushoto, lakini tyubu zikacheza upande ambao fito hazikuzuia, kufuata mpindo wenyewe wa U, kinyume na walivyotarajia wasanifu.

Kinachonigusa zaidi kwenye kisa hicho ni hiki: kitengo cha 3 kiliumia vibaya kuliko cha 2 kwa sababu kilitengenezwa kwa usahihi zaidi. Fito zilikaa sawasawa mno zikawa hazigandamizi tyubu, wakati kitengo cha 2 zilikuwa na upotofu kidogo kidogo zikawa zinabana. Huko tyubu mbili tu ndo zilikutwa zimesuguana zenyewe kwa zenyewe. Pale msuguano mdogo wa kubana ndo ulikuwa ulinzi wenyewe na kwenye michoro haukuandikwa popote. Wenye mtambo waliomba kitengo cha 2 kiwashwe kwa 70% ya nguvu kwa miezi 5 halafu kikaguliwe, ruhusa haikutoka, na tarehe 7 Juni 2013 wakatangaza kufunga vyote viwili moja kwa moja.

Sio peke yao. Mihama namba 2 kule Japani tyubu ilikatika kabisa tarehe 9 Februari 1991, kwa sababu fito za kuzuia mtikisiko hazikuingizwa mpaka kina kilichochorwa, ile tyubu ikabaki haina wa kuishika. North Anna namba 1, Virginia, ilikuwa vilevile tarehe 15 Julai 1987, tyubu ilichoka kwa kutikisika ikakatika pale kwenye sahani ya juu. Hizo mbili hazikulika taratibu, zilipasuka kwa uchovu wa chuma. Ndo maana nakuambia usiangalie unene peke yake, tyubu inaweza kuwa na unene wote na bado ikakatika.

Sasa kazi yenu. Shatidauni ijayo msitupe tyubu hata moja kwenye chuma chakavu kabla hazijasomwa. Kabla ya kuzing'oa chora ramani ya safu kwenye karatasi, kila inayotoka iandike namba yake kwa rangi na weka alama upande uliokuwa unaangalia juu, hiyo ni muhimu kuliko unavyodhani. Alama ya mwezi mchanga kwenye sahani maana yake inacheza ndani ya tundu. Alama bapa inayong'aa katikati ya sahani mbili, na jirani yake ana alama kama hiyo mahali palepale, maana yake zinagongana, na hapo hali ni mbaya sana, msiiwashe tena kwa mzigo ule. Uso uliokwaruka upande wa mvuke tu, chini ya mlango wa mvuke, hapo ni matone ya maji yanayokuja na mvuke yanaipiga, bamba la kinga na kukausha mvuke vitasaidia. Ufa wa duara karibu na sahani nene ya mwisho bila kulika, huo ni uchovu. Na kama vishimo viko upande wa ndani basi fundi mkuu alikuwa sahihi na mimi nitakubali.

Mvumo nao mhakikishe unatoka wapi, maana unaweza kuwa ni valvu yenyewe inalia. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha kwenye ganda la hita na mpini karibu na sikio, vaa glavu, pita taratibu kutoka kwenye valvu mpaka mwisho wa hita. Na msisahau stimu trapu, kile kifaa kinachotoa maji ya mvuke uliopoa na kuzuia mvuke usitoke, ikiziba maji yanajaa ndani ya ganda, mvuke unayasukuma, unasikia yale mapigo ya ta! ta! ta!, na pigo la maji moja linaweza kufanya madhara makubwa kuliko mtikisiko wa mwezi mzima.

Kwa leo leo hii, punguzeni mvuke mpaka mvumo unyamaze. Najua uzalishaji utashuka na bosi hatafurahi, lakini ni tiba pekee isiyohitaji spea. Ya kudumu ni kupunguza kasi, bomba la kuingilia liwe kubwa zaidi au mvuke ugawanywe uingie sehemu mbili, bamba la kinga lirudi, na tyubu za juu ziongezewe wa kuzishika. Kuna fito bapa zinazopenyezwa kati ya safu na safu katikati ya sahani, zinabana tyubu bila kufumua hita nzima, kontrakta mzoefu anaweza. Mkiagiza furushi jipya la tyubu, msiseme "kama la zamani", mpeni mtengenezaji kiasi cha mvuke mnachotumia sasa hivi, na mwambieni awape hesabu ya mtikisiko kwa maandishi.

Kuziba tyubu mbovu kwa plagi mnaruhusiwa, ila mjue tyubu iliyozibwa haijaacha kutikisika. Three Mile Island namba 1 mwaka 2001 walikuta tyubu iliyokuwa imezibwa zamani imekatika ndani, na inawasugua majirani zake wazima. Kama imelika sana ingizeni ndani yake fimbo ya chuma ya kuishikilia kabla ya plagi, au itoeni kabisa.

La mwisho, na hili lianze hata kesho asubuhi. Kama maji yenu yana presha kuliko mvuke, tyubu ikitoboka maji ya kisima yanaingia upande wa mvuke, yanashuka na maji ya mvuke uliopoa mpaka kwenye tangi la boila. Chumvi hiyo ikifika kwenye boila mtaanza kupambana na magamba na povu, na boila ni ghali kuliko hita mara nyingi. Pimeni TDS, yaani kiasi cha chumvi na vitu vilivyoyeyuka, ya maji yanayorudi kila zamu, ikipanda ghafla yamwageni nje msiyarudishe. Na kuchomelea chochote kwenye ganda hilo asiguse mtu asiye na cheti cha kazi za presha, mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, aarifiwe kabla, hita ipoe, presha iwe sifuri na valvu zifungwe kwa kufuli.

Ukishapima nitumie umbali kati ya sahani na sahani, kipenyo cha tyubu na unene wake, ukubwa wa bomba la mvuke, na gaji inasoma ngapi mvumo unapoanza. Kwa hivyo vinne nitakupigia hesabu ya kasi ya hatari ya hita yenu, umpelekee bosi namba badala ya maneno.